Sifa za Mkono Usio na Haraka

Ndovu akinaswa na kitanzi cha waya katika misitu ya Mlima Kenya, habari husambaa. Kikosi cha matibabu cha Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) na Sheldrick Wildlife Trust hufika, mnyama hulazwa kwa sindano ya usingizi, na picha zake huonekana gazetini. Kobe akiungua nyikani hakuna apigaye picha. Ndiyo maana nataka kumsifu daktari anayeinama juu ya kobe: kazi yake ni ya ufundi mkubwa, na wanaoijua ni wachache.

Majeruhi wenyewe si haba. Katika nyanda za Laikipia, ng'ambo ya Nanyuki, wapo kobe wa madoadoa. Moto wa nyasi ukija hawawezi kuukimbia. Barabarani magurudumu huwapasua. Na kobe akigusa waya wa chini wa uzio wa umeme hujikunyata ndani ya gamba badala ya kurudi nyuma, hivyo umeme huendelea kumpiga. Huku Nyeri na Karatina mwenye taabu ni kinyonga wa pembe tatu, mkazi wa ua na vichaka vya karibu na nyumba. Panga la kupunguzia ua humkata, paka humrarua, na watoto humpiga mawe kwa kuwa wamesimuliwa kwamba yeye ndiye aliyechelewesha ujumbe wa Mungu hata kifo kikaingia duniani.

Mnyama kama huyu akiletwa, daktari hodari huwasha taa ya joto kabla hajafungua dawa yoyote. Mwili wa mtambaazi hufuata joto la mahali alipo. Akipoa, kinga yake hulala na nyama mpya huchelewa kuota. Utafiti uliochapishwa Kanada mwaka 1988 ulilinganisha vidonda vya nyoka waliowekwa kwenye nyuzijoto 13.5, 21 na 30, na waliokaa kwenye nyuzi 30 ndio waliopona upesi zaidi. Mji wa Nyeri uko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Anayeujua mwezi wake wa Julai, ukungu asubuhi na jua lisiloonekana, ataelewa kwa nini krimu ya bei ghali haifui dafu kwa kobe aliyelazwa kwenye sakafu ya saruji.

Kisha huja kuosha, na hapo ndipo mkono wa fundi huonekana. Maji safi ya chumvi husukumwa kwa bomba la sindano lililotolewa ncha, taratibu, hadi mchanga na vipande vya gamba vitoke. Iodini huzimuliwa hadi ifanane na strungi nyepesi, maana ikiwa kali huua chembe changa zinazojaribu kuziba kidonda. Usaha wa watambaazi haumiminiki. Huwa mgumu, mkavu, wa manjano, umeng'ang'ania ndani, wala hakuna dawa ya kupaka inayoupenya. Daktari humtia kobe ganzi, kisha huutoa kwa koleo ndogo, kipande baada ya kipande. Anajua kwamba chini ya gamba kuna mfupa hai wenye mishipa ya damu na ya fahamu, na kwamba kobe asiyelia anaumia vilevile.

Baada ya hapo ndipo dawa hupakwa, tena kidogo. Inayopendwa ni krimu nyeupe ya salfadiazini yenye madini ya fedha, ileile wanayopakwa watu walioungua, kwa kuwa huzuia bakteria na hata kuvu. Asali nayo ina nafasi yake: sukari yake hufyonza maji ya kidonda, na uchachu wake husaidia kuua vijidudu. Watu wa milima hii wamefuga nyuki kwenye mizinga ya magogo tangu zamani, lakini daktari huchagua asali iliyotakaswa kwa ajili ya matibabu, kwani ya mzingani huweza kubeba mbegu za vijidudu.

Fundi hujua pia cha kuacha. Ivamektini, dawa ya minyoo na kupe iliyozoeleka kwa mifugo, huweza kumpooza kobe na kumuua. Ufa wa gamba, ambao zamani ulizibwa mara moja kwa gundi na faiba, sasa huachwa wazi hadi usafike, maana ukifunikwa uchafu ungali ndani huoza bila mtu kujua.

Halafu ni kungoja. Kinyonga hupona kidogo zaidi kila anapojivua ngozi. Gamba la kobe huchukua miezi, pengine mwaka na zaidi. Kila baada ya siku chache kitambaa hufunguliwa, kidonda hukaguliwa, huoshwa, hufungwa tena. Hapa ndipo heshima yangu inapozidi. Daktari huyu anajua kwamba mnyama ndiye anayejiponya. Dawa hulinda mahali pa kupona, na mkono wake haupaswi kuizuia kazi hiyo. Unyenyekevu wa namna hiyo haupatikani kwa siku moja, wala haupigiwi makofi.

Sisi tusio madaktari tuna sehemu yetu. Ukimkuta kobe aliyejeruhiwa kando ya barabara ya Nanyuki, usimpake mafuta ya gari wala dawa ya ng'ombe kutoka duka la agroveti. Mweke kwenye katoni yenye karatasi kavu, mahali penye joto, kisha uwapigie KWS. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haikuruhusu kumfuga bila kibali. Kinyonga naye usimpige, baridi ya mlima inamtosha. Tukimfikisha hai mikononi mwa anayeijua kazi, tutakuwa tumemheshimu mnyama na tumeuheshimu ufundi wenyewe.