Tanuri Linalojivutia Pumzi

Ukitaja Sumbawanga mbele ya watu wa Dar es Salaam, hukosi mmoja wa kukuuliza habari za uchawi, za ungo na radi. Mzaha huo umechakaa, na Wafipa, wenyeji wa huko, wameshauzoea. Mimi huniudhi kwa sababu nyingine: unaifunika ajabu ya kweli ya nyanda za Ufipa, iliyofinyangwa kwa udongo wa kichuguu na ambayo masalia yake bado yanaonekana mashambani na maporini, hasa upande wa Nkasi.

Wafipa huiita ilungu; zikiwa nyingi, malungu. Ni tanuri la kutoa chuma kwenye mawe ya mtapo. Lina kimo cha mita tatu hivi, limetanuka kitakoni na kubana kuelekea juu, kileleni liko wazi, na chini limetobolewa matundu kulizunguka. Anayejua karakana ya mhunzi atazunguka akitafuta mahali pa kuwekea mvukuto. Hapapo. Tanuri hili halikupulizwa na mtu.

Ustadi wote umelala hapo. Moto ukishashika, hewa iliyopata joto hupanda na kutokea juu, na hewa ya nje haina budi kuingia kwa chini kuziba pengo lake, ikipita kwenye mirija ya udongo iliyopangwa ndani ya matundu. Kimo ndicho kinachofanya kazi ya mikono ya vijana wa mvukuto. Lakini kimo hakitoshi. Hewa ikiwa nyingi kupita kiasi, mkaa unateketea bure na mtapo unabaki mawe. Ikiwa haba, moto unadorora. Inapokuwa ya kadiri, mkaa hutoa gesi yenye uchu wa oksijeni, ikainyakua kutoka kwenye mtapo na kuacha chuma. Chuma chenyewe hakiyeyuki humo, maana chataka nyuzi 1,538 za Selsiasi, na tanuri la namna hii huishia kwenye 1,200 na ushei. Kinachoyeyuka ni takataka za mawe, yale mavi ya chuma, yanayochuruzika chini na kuganda. Fundi alitakiwa aupeleke moto mpaka mahali ambapo kimoja kinayeyuka na cha pili hakiyeyuki, akaushikilie hapo, bila kipimajoto wala mtu wa kupuliza zaidi au kupunguza.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imekwisha kabla ya kijinga cha kwanza kuwashwa. Kuchagua mahali kulikuwa nusu ya shughuli: kuwe na kichuguu karibu, kwa sababu udongo uliokwisha kusagwa na mchwa unashikamana na kuvumilia moto, kuwe na miti ya mkaa, mtapo usiwe wa kubebwa safari ndefu. Ukuta haukuinuliwa kwa mkupuo. Udongo uliwekwa tabaka, ukaachwa ukakamae, likaja tabaka jingine, maana ukuta mbichi ukibebeshwa uzito unabonyea, na ukiharakishwa kukauka unapasuka. Ufa mmoja ni tundu ambalo fundi hakulikusudia, na kila tundu lisilokusudiwa linaharibu hesabu yote ya hewa. Ndipo ndani yake hupangwa mkaa na mtapo kwa zamu, likajazwa na kuwashwa. Baada ya hapo, kwa siku mbili tatu usiku na mchana, fundi mkuu alibaki kama mpishi wa pilau aliyekwisha kufunika sufuria na kupalia makaa juu ya kifuniko: anayo masikio na pua, lakini kufunua hawezi.

Si ajabu basi kwamba subira hiyo ilizungushiwa miiko. Fundi mkuu alikuwa na kikapu chake cha dawa, intangala, na katikati ya sakafu ya tanuri palichimbwa kishimo cha kuzika dawa hizo. Ilungu lilikuwa bibi harusi. Lilipambwa, likashangiliwa, na wafua chuma walikaa mbali na wake zao muda wote wa kazi ili wasilisaliti. Mwanamke wa nyama na damu hakuruhusiwa kulisogelea, ingawa tanuri lenyewe lilikuwa mwanamke. Wataalamu wameandika mengi kuhusu jambo hili, na wengine hulitaja kwa haraka kama ushirikina wa kando ya ufundi halisi. Sikubaliani nao. Mtu aliyeambiwa asiondoke tanurini, asinywe ovyo, asigombane na asiende nyumbani kulala, huyo ndiye atakayeona saa nane za usiku kwamba tundu moja limeziba.

Na bado kazi haijaisha. Bonge linalotoka kwenye ilungu lina uchafu mwingi mno kufuliwa. Wafipa walilivunjavunja, wakachagua vipande vizuri na kuviingiza kwenye kitanuri kidogo, kintengwe, na huku ndiko mivukuto ilikopata nafasi yake. Chuma kikasafishwa mara ya pili, kikapigwa kwa mawe mazito, na mwisho kikawa jembe, shoka au mkuki. Wahaya wa Kagera, ambao chuma chao kilipata sifa duniani baada ya utafiti wa Peter Schmidt na Donald Avery kuchapishwa mwaka 1978, walimaliza kwa tanuri moja lenye mivukuto. Mfipa alichagua njia ndefu.

Jembe lililotoka huko lilikuwa pana na zito, na lilikuwa na sababu ya kuwa hivyo. Kilimo cha Ufipa kina ustadi wake, intumba. Mvua zinapokaribia kwisha mkulima hulima majani mabichi, akayarundika na kuyageuzia udongo na mizizi yake juu, mpaka panakuwa na vilima vya duara shamba zima. Juu yake hupandwa maharage. Chini, majani yanaoza taratibu, na mvua za msimu unaofuata zikija vilima vinabomolewa, mbolea inatandazwa, ulezi unamwagwa. Ukataji wa tabaka la majani yenye mizizi hautaki jembe jepesi. Siku hizi Rukwa, mkoa ilipo Ufipa, ni miongoni mwa mikoa inayotegemewa na nchi nzima kwa mahindi, na mahindi yamekuja na plau na mifuko ya mbolea. Lakini nani asiyejua intumba kule kijijini?

Malungu yalizimwa na majembe ya Ulaya, yaliyokuja kwa bei ambayo siku tatu za kukesha haziwezi kushindana nayo. Katika miaka ya 1930 wazee waliojua kazi bado walikuwapo, na R. C. H. Greig akaichapisha habari yao mwaka 1937 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mwaka 1969 J. A. R. Wembah-Rashid wa Makumbusho ya Taifa aliandika juu ya wafua chuma hao hao. Bertram Mapunda, mwanaakiolojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alizunguka Nkasi mpaka ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, akaonyesha katika tasnifu yake ya mwaka 1995 kwamba chini ya malungu iko historia ndefu zaidi: kabla yake watu walifua kwa matanuri mafupi yaitwayo katukutu, mtindo mwingine kabisa. Randi Barndon wa Norway akawalinganisha Wafipa na Wapangwa katika kitabu cha mwaka 2004. Wote hawa walitegemea wazee waliokuwa tayari kukaa chini na mgeni na kumweleza kwa nini tundu hili liko hapa na si pale. Majina ya wazee hao wengi wao hayakufika kwenye majalada ya vitabu.

Matanuri ya Burkina Faso, ambayo nayo baadhi yake yalijivutia hewa yenyewe, yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2019. Ya Ufipa hayamo. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyotangulia mwaka 1863. Ilungu lililojengwa baada ya hapo linangoja waziri alitangaze, na wakati linangoja, mvua inalikwangua na mizizi ya miti inalipasua. Udongo wa kichuguu ni mgumu, si wa milele.

Wahunzi, hata hivyo, wapo. Mtapo hawachimbi tena. Malighafi yao ni springi za magari, chuma kigumu ambacho hakuna ilungu lililowahi kukitoa. Mhunzi anaiweka katika makaa mpaka igeuke rangi ya chungwa, anaishika kwa koleo, anaigonga juu ya fuawe, na inapoanza kurudi wekundu mzito anaacha mara moja, kwa sababu chuma cha springi kikipigwa kikiwa kimepoa hupata nyufa. Akifua shoka, makali anayachovya majini ukingo tu, si shoka zima. Nyuma ya bapa huacha mkia mwembamba. Mkia huo utapashwa moto, utatoboa kichwa kinene cha mpini na kujibana humo, na kila pigo la shoka litazidi kuukaza.