Mtu wa Tanuu

Nikiulizwa mwanakemia wa kale wa pwani yetu ni nani, namtaja mchoma chokaa. Wengine watamtaja mhunzi, na hoja wanayo, lakini mimi namshikilia mtu wa tanuu.

Tazama anavyoanza. Magogo huyapanga kwa duara, tabaka juu ya tabaka, na katikati huacha tundu la kushushia moto. Mawe ya matumbawe, yaliyokwisha kuvunjwa vipande, huyarundika juu. Kisha huwasha, na tanuu likanguruma usiku kucha.

Kinachotokea humo ndicho wanafunzi wa sekondari hukikariri bila kukiona. Jiwe la matumbawe ni kalisi, kaboni na oksijeni zilizoshikamana. Joto likikaribia nyuzi 900, hakuna atomi inayopotea, zinaachana tu. Kaboni huondoka na oksijeni mbili ikawa hewa ya ukaa, kalisi ikabaki na moja. Katika kilo 100 za jiwe safi, 44 hupaa hewani. Mwaka 1756 Joseph Black wa Scotland alichapisha majaribio ya mizani yaliyoonyesha kwamba jiwe la chokaa likichomwa hupoteza hewa. Mizani ya mchoma chokaa ni kiganja chake: jiwe lililoiva ni jepesi, lililobaki zito lina kiini kibichi.

Kalisi, elementi ya 20 katika jedwali, haipatikani ardhini ikiwa peke yake. Atomi yake huzitoa upesi elektroni zake mbili za nje, ikashikana na yeyote aliye karibu. Ndiyo maana mwanakemia Humphry Davy alilazimika kutumia umeme kuitenga, London, mwaka 1808. Waashi wa Kilwa walikuwa wameshaijengea jumba la Husuni Kubwa karne tano kabla yake.

Ninapopapenda hasa ni kwenye maji. Ukilimwagia jiwe lililochomwa, kwanza huyanywa maji kimya. Halafu linaanza kulia, linapasuka, mvuke unafuka, na jiwe zima linaporomoka kuwa unga mweupe wenye moto wa kubabua ngozi. Kuni hazipo hapo. Joto lote limetoka kwenye mmenyuko. Mwenye kupenda macho yake akae mbali.

Unga huo ukichanganywa na mchanga na kupakwa ukutani, hauishii kukauka kama nguo kambani. Huvuta hewa ya ukaa kidogo kidogo, kwa miezi na miaka, ukarudi kuwa kemikali ile ile ya jiwe. Fundi amelivunja jiwe, amelipa umbo alitakalo, kisha ameiachia hewa ilirudishe.

Sisemi tuchome matumbawe hai na kuimaliza mikoko kwa kuni. Mawe ya chokaa ya nchi kavu yapo. Ila saruji kwenye ukuta wa kale ni balaa. Ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, hufungia unyevu na chumvi ndani, na ukuta ukaliwa taratibu. Wewe mwenye nyumba ya mawe Lamu au Unguja, kabla hujanunua mfuko wa saruji, mtafute fundi wa chokaa.