Chura iko na kitabu, batu je?

Bandugu, wiki hii nimerudi kwenye vile vitabu vya zamani ambavyo wenzetu wa biolojia wanapenda kuvitaja katika memwari zao: mfululizo wa Wabelgiji juu ya Parke la Taifa la Upemba, misioni ya G.F. de Witte, 1946 hadi 1949. Nimevisoma hapa nyumbani Makomeno, jioni, courant ikipotea na kurudi.

Parke liliundwa mwaka 1939. De Witte alikuwa mtaalamu wa nyoka na vyura. Yeye na watu wake walikusanya kila kinachotambaa, kinachoruka na kinachoota, halafu Bruxelles ikatoa kitabu nyuma ya kitabu: ndege, mijusi, vyura, wadudu. Kazi ni ya kweli, siidharau. Bila hivyo tungejuaje kilichopotea?

Lakini angalieni namna wanavyoandika mahali. Kila mnyama anapewa jina la pale alipokamatwa, urefu wa pale juu ya bahari, na tarehe. Lusinga, mita 1.760. Mabwe, mita 585. Kaswabilenga. Mabwe inarudi mara nyingi, mpaka nikaanza kucheka peke yangu. Kwa Kiluba, mabwe ni mawe. Basi kuna mtu alifika pale ukingoni mwa ziwa, akaona mawe, akapaita vile. Mwanasayansi akaja, akachukua lile jina, akalibandika kwenye chupa ya chura. Jina likaingia kitabuni, mwenye kulitoa akabaki inje.

Na njo hapa kitabu kinaniuzi kabisa. Miaka michache tu nyuma ya misioni ile, mwaka 1957, Jacques Nenquin alianza kuchimba pa Sanga, kando ya ziwa Kisale, katika bonde lilelile la Upemba. Miaka ya 1970 Pierre de Maret akaendelea, Sanga na sehemu zingine za bonde. Wakakuta makaburi na makaburi, tangu karibu karne ya 8 mpaka karne ya 18. Ndani mna vyungu, vyombo vya chuma, pembe za tembo, mifupa ya samaki waliowekewa marehemu. Mna misalaba ya shaba, na shaba ile ilitoka huku kwetu kusini. Mna hata kauri za Bahari ya Hindi. Ni bankambo waliovua, waliofua na kufanya biashara katika mabwawa yale karne elfu moja nzima, samahani, miaka elfu moja nzima (courant!).

Wale wa akiolojia nao siwaachi. Wanatueleza maiti vizuri sana, lakini aliye hai, yule ambaye nyumba yake inasimama juu ya makaburi yale, anaonekana kidogo tu.

Sasa sisi wenye diplome. Tunapotangaza Upemba, au Kundelungu na maporomoko yake ya Lofoi, tunaandika nini? "Asili isiyoguswa." Tumemfuata de Witte bila kumsoma. Na maneno yale yanauma mtu. Kama parke ni mahali ambapo hapajawahi kukaa mtu, basi mvuvi wa leo ni mwizi tangu asubuhi anapoamka. Najua pundamilia wa mwisho wa Kongo wako pale. Najua pia walinzi wamekufa pa Lusinga kwa risasi za wenye silaha, na sitaki mtu aniambie ninatetea braconnage. Nasema tu kwamba mlinzi na mvuvi wanagombana juu ya inchi ambayo historia yake hakuna aliyewasomea wote wawili.

Rafiki yangu mmoja wa Malemba-Nkulu, tulimaliza naye Kasapa, ananiambia nkambo yake anajua jina la kila njia ya mtumbwi katikati ya mafunjo, na sababu ya kila jina. Likizo iliyopita alikaa naye chini na kayee ya shule, wakaandika. Walifika njia ya kumi na saba, mama mzee akachoka, akasema zingine mpaka aingie mwenyewe ndani ya mtumbwi ndipo atazikumbuka. Rafiki anarudi mwezi wa nane. Mimi nimemuomba aandike pia nani alitoa lile jina la Mabwe, kama nkambo anamjua.