Kalamu Gizani

Msomaji, huenda umepata kuketi mbele ya sinema ukiwa na simu mkononi, jicho moja liko kwenye picha na la pili liko kwenye kioo kidogo kinachong'aa mapajani. Kama umepata, basi waijua nusu ya habari ninayotaka kuizungumza. Mahali pengi walimu wa fasihi wameifanya tabia hiyo kuwa kazi ya darasa. Wanafunzi huonyeshwa sinema ya kubuni mambo ya sayansi, na papo hapo, sinema ikiendelea, hutakiwa kuandika katika Twitter, mtandao ambao tangu 2023 huitwa X, kila wanachokiona na kukiwaza. Maandishi yao hufungwa pamoja kwa alama ya reli, ili kila mmoja ayasome ya mwenzake wakati uleule. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilishiriki mara moja katika kazi hiyo, nikaipenda. Nilipokuwa mwalimu niliijaribu mwenyewe. Sasa nataka kuipima mbele yako, kwa maana siku nilipoisifu sikuwa nimeielewa vyema.

Kwanza niitetee. Wako wasemao kuwa sinema sharti itazamwe kwa kimya, na mimi huwauliza sheria hiyo waliipata wapi. Bibi zetu walipotoa hadithi hawakutaka kimya. Msimulizi alisema "Paukwa", nasi tukajibu "Pakawa", na hadithi isiyojibiwa ilikufa njiani. Huko Kampala wako mafundi wa maneno, ambao watu huwaita kwa kifupi VJ, wenye kazi ya kusema juu ya sinema za kigeni inapoonyeshwa. Hufasiri, hutania, na hutia chumvi pale ambapo mwenye sinema alisahau kuitia. Sinema ya Uganda iitwayo Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa na Nabwana I.G.G. mtaani Wakaliga mwaka 2010, imeenea duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake, akisifu na kucheka na kuwahimiza watazamaji. Iondoe sauti ile, nawe utakuwa umeondoa nusu ya utamu. Basi watu wetu hawakungoja simu ili wajifunze kuzungumza na picha.

Tena ufupi una faida. Twitter ilipoanza mwaka 2006 haikuruhusu zaidi ya herufi 140 kwa mara moja, na mwaka 2017 zikaongezwa kuwa 280. Mwanafunzi aliyezoea kujaza kurasa tatu bila hoja hata moja (nami ndiye nizisahihishaye, kwa hiyo nazijua) hulazimika kuchagua neno.

Walakini iko tofauti ambayo sikuiona mapema. Msimulizi hungoja jibu la wasikilizaji wake, lakini picha haimngoji mtu. Na yule fundi wa Kampala, kabla hajafungua kinywa, aghalabu sinema ameshaitazama, aijua itokako na iendako. Mwanafunzi mwenye simu husema juu ya jambo ambalo bado halijaisha, na akiinamisha kichwa kulisema, lile linalofuata humpita.

Jambo hili nalifahamu kwa sababu ya Pumzi, sinema fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu, iliyotoka 2009 na kuonyeshwa katika tamasha la Sundance, Marekani, mwanzoni mwa 2010. Ina urefu wa dakika ishirini na kitu tu. Yasimulia Afrika ya Mashariki miaka 35 baada ya vita vya maji. Nchi ya nje imekauka, na watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa. Hujitengenezea umeme kwa nguvu za miili yao, na jasho lao na mkojo wao husafishwa ukawa maji ya kunywa. Hata ndoto zina dawa ya kuzizuia. Asha, mtunzaji wa makumbusho, aletewa udongo kidogo ndani ya kisanduku. Aunusa, aota mti, apanda mbegu, nayo yaota. Wakubwa wamkataza kutoka nje. Yeye atoroka kwa msaada wa mwanamke msafishaji, akaenda jangwani na mche wake.

Niliionyesha kwa Kidato cha Tatu katika shule moja ya kutwa karibu na Kibuyuni, pwani ya kusini, mahali ambapo kina mama hulima mwani baharini maji yakupwapo. Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo nilikata karatasi vipande vidogo. Kila kipande kisizidi maneno ishirini, mwandishi akibandike ukutani mwenyewe, wenzake wakisome kwa mwanga wa picha. Nikatundika shuka jeupe, nikafunga madirisha. Kisha nikafanya kosa. Nilitangaza kuwa kila kipande kina alama moja.

Ukuta ulijaa. "Wanakunywa jasho lao!" "Huyu msafishaji ana utu kuliko wakubwa." "Mbona hawafumbui midomo?" Hicho cha mwisho kilinifurahisha, maana ndicho kiini cha sanaa ya sinema hii. Katika jengo lile watu hawasemezani kwa vinywa. Huketi mbele ya mashine, na mashine ndiyo itoayo sauti badala yao. Wakubwa wa baraza, ambao kwa maoni yangu wamechorwa kwa haraka mno, wamnyima Asha ruhusa bila hata mmoja wao kuvuta pumzi ili atamke neno. Jina la sinema lapata maana hapo, nami nikalieleza darasa kwa fahari. Sikutambua kuwa mimi mwenyewe nimewaketisha watoto arobaini gizani, bega kwa bega, nikawakataza kusema na kuwaamuru waandike.

Taa zilipowashwa, kijana mmoja alikuwa na vipande kumi na saba, wa kwanza katika darasa zima. Aliinua mkono, akauliza, "Mwalimu, yule Asha alirudi nyumbani?" Wenzake wakacheka. Asha aliupanda mche mchangani, akaunywesha maji yake, akaulalia kwa mwili wake uwe na kivuli, na hapo ndipo safari yake ilipokoma. Wakati huo kijana yule alikuwa ukutani akibandika.

Palikuwa pia na binti mmoja, ambaye mamake ni mkulima wa mwani. Aliniletea kipande kimoja, kitupu. Nikamwandikia sifuri, na nakiri kuwa niliiandika kwa hasira kidogo. Siku ya pili nilimtaka asimame aeleze kwa nini alipoteza kipindi. Alisema, "Sikupoteza, Mwalimu. Mwanzo wa sinema jasho lake hukusanywa likawa maji yake mwenyewe. Mwisho jasho lile ni la mti. Ni jasho lilelile, ila limebadili mwenyewe. Nilikuwa nahofia maji yataisha, nikasahau kuandika."

Darasa lilinyamaza. Nilikuwa nimeitazama sinema ile mara sita, na jambo hilo sikupata kuliona. Mtoto aliyebeba dumu la maji kichwani kabla ya kuja shule aliliona kwa mara moja.

Usidhani, msomaji, kuwa nimeitupa kazi hiyo. Juma lililofuata nilichukua vipindi viwili vya pamoja, dakika 80, nikaionyesha Pumzi mara mbili. Mara ya kwanza hakuna kalamu, na mwenye kucheka acheke, mwenye kupiga kelele apige. Mara ya pili, karatasi, wala hakuna alama kwa idadi. Vilibandikwa vipande tisa tu ukutani, lakini kila kimoja kilistahili kusomwa kwa sauti. Kijana wa kumi na saba aliandika kimoja: "Msafishaji alimfungulia njia, na hatuonyeshwi alifanywa nini baadaye." Tulibishana juu ya hicho hadi kengele ikalia, na wengine wakaendelea kubishana njiani kuelekea ufukweni.

Yule binti aliniletea tena kipande kitupu. Safari hii sikumwandikia sifuri wala alama nyingine. Niliacha nafasi yake wazi katika daftari, nikamwomba akaniambie kwa mdomo.