Kiraka cha Zege Kabla Hakijafunikwa

Siku ya makabidhiano viraka vyote vya zege vinapendeza. Lipu imenyooka, rangi mpya inang'aa, majukwaa yameshushwa, mwenye jengo anatia saini. Anayetaka kujua amenunua nini alipaswa kufika wiki kadhaa kabla, shimo likiwa wazi, nondo zikionekana na vumbi likiwa bado chini. Hapo kazi nzuri na kazi mbovu hazifanani hata kidogo. Zikishafunikwa zitafanana kwa mwaka mzima, pengine miwili, halafu moja itaanza kutoa michirizi ya kutu pembezoni.

Mwongozo huu nawaandikia wenye majengo ya biashara ya pwani yetu, Mombasa, Tanga, Unguja, Dar es Salaam hadi Mtwara: maduka yenye kanopi ya zege iliyochomoza juu ya waenda kwa miguu, ofisi za ghorofa chache, maghala ya karibu na bandari. Bara nako zege huharibika, ila pwani kuna chumvi, na penye chumvi matengenezo yanayofaa Dodoma au Nakuru hayatoshi.

Zege jipya lina alkali kali, pH ya 12.5 hadi 13. Katika hali hiyo nondo hujijengea utando mwembamba sana unaoizuia isishike kutu. Utando huo una maadui wawili. Wa kwanza ni hewa ya ukaa, inayopenya taratibu miaka nenda rudi na kuishusha pH hadi chini ya 9. Wa pili ni chumvi, inayoutoboa utando hata pale ambapo alkali ingalipo. Chumvi huletwa na upepo wa bahari, lakini pia huweza kuwamo tangu siku zege lilipomwagwa, kwa mchanga wa ufukweni usiooshwa au maji ya kisima yenye chumvi. Kutu ikianza, inachukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa, na zege halina uwezo wa kuvumilia kusukumwa kutoka ndani. Linapasuka kufuata mstari wa nondo, kisha linabanduka. Kwa hiyo kipande kilichoanguka barabarani ni habari ya zamani; kutu yenyewe imeshasonga mbele.

Ndiyo maana chombo cha kwanza cha ukaguzi ni nyundo ndogo, na cha pili ni chaki. Mtazame fundi akiwa jukwaani chini ya kanopi. Anagonga hapa, anasogea kiganja kimoja, anagonga tena, hana haraka. Zege zima hujibu kwa sauti kavu ya juu na nyundo hurudi mkononi. Zege lililoachana na nondo hulia kama debe tupu, na nyundo inazama bila kurudi. Anapofika mpaka wa sauti hizo mbili anachora mstari. Ukiona chaki imezunguka eneo kubwa mara mbili tatu kuliko lile lililobomoka, umempata mtu anayeijua kazi. Ukiletewa makadirio ya bei wakati hakuna hata alama moja ya chaki kwenye jengo, basi bei hiyo imeandikwa na mtu aliyesimama chini barabarani akitazama juu.

Vipo vipimo viwili zaidi. Dawa ya fenolfthalini ikipuliziwa zege lililovunjwa muda huohuo hugeuka waridi iliyokolea pale ambapo alkali ipo. Pasipobadilika, hewa ya ukaa imeshafika. Lakini rangi hiyo haisemi lolote kuhusu chumvi. Kwa chumvi, unga wa zege hutolewa kwa drili katika vina tofauti na kupelekwa maabara. Kloridi ikifikia takriban asilimia 0.4 ya uzito wa saruji, wahandisi huanza kuihesabu nondo kuwa hatarini. Kwa jengo lililo karibu na bahari, mimi sikubali mkataba wa matengenezo ambao haukutanguliwa na kipimo hiki, maana ndicho kinachoamua kama viraka vitatosha au jengo linahitaji tiba kubwa zaidi.

Sasa shimo liko wazi, na hapa usiwe na haraka ya kuondoka.

Anza na kingo. Kiraka kinachomalizikia kwa kupungua unene hadi kuwa chembamba mithili ya karatasi kitabanduka pembeni, hata kiwe cha dawa ya bei gani. Kingo zinatakiwa zikatwe kwa grainda, zisimame wima kwa kina cha kama milimita 10, kwa uangalifu msumeno usiguse nondo. Kisha zikwaruzwe, kwa sababu uso uliokatwa na diski ni laini mno kushika. Umbo nalo liwe rahisi, mraba au mstatili; pembe nyingi za ndani huzaa nyufa. Sakafu ya shimo iwe na makorongo madogo, kokoto za zamani zikionekana zimeshikwa imara na si kutikisika. Uliza pia walivunja kwa kifaa gani. Nyundo nzito ya umeme inamaliza kazi upesi, lakini huacha nyufa nyembamba ndani ya zege lililobaki, na kiraka chako kitashikilia tabaka ambalo tayari limelegea. Mafundi wazuri hutumia nyundo nyepesi, na karibu na nondo huhamia kwenye tindo na mkono.

Kisha nenda nyuma ya nondo. Nondo iliyoshika kutu mzunguko mzima inatakiwa iachwe wazi mzunguko mzima, na nafasi ya milimita 20 hadi 25 nyuma yake. Huhitaji rula.

"Fundi, nyuma ya nondo mmefika?"

"Tumefika, mzee."

Ingiza kidole gumba. Kikipita bila kukwama, wamefika. Kikikwama, kutu ya upande wa nyuma imebaki palepale na kazi haijaanza. Hakuna kipimo kingine kinachotenganisha watu kwa uhakika kama hiki, kwa sababu kuchimba nyuma ya nondo ukiwa umeinua mikono juu ya kichwa ni sehemu ngumu kuliko zote, na ndiyo ya kwanza kurukwa.

Itazame nondo yenyewe. Brashi ya waya inaing'arisha juu, lakini chumvi hukaa ndani ya vishimo vidogo vilivyoliwa, na vishimo hivyo hubaki vyeusi na vyenye unyevu. Pwani panahitajika kupuliza mchanga kwa shinikizo au kuosha kwa maji baridi yenye nguvu hadi vishimo visafike. Dawa ya kuzuia kutu ipakwe siku hiyohiyo. Chuma kilichosafishwa na kulala wazi karibu na bahari asubuhi kinakuwa na rangi ya machungwa. Nondo nayo ipimwe. Nondo ya milimita 12 iliyobaki milimita 9 haijapungua robo kama macho yanavyodhani. Imepoteza karibu asilimia 44 ya chuma chake, kwa kuwa nguvu hufuata eneo la mkato na si upana. Hapo mhandisi aliyesajiliwa aitwe aamue kuongeza nondo, na kanopi au boriti iwe imetegemezwa kwa nguzo za muda kabla mtu hajaendelea kuchimba. Na chini yake pasikae mama ntilie wala machinga.

Sasa tufike mahali ambapo hata mafundi hodari hushindwa pwani. Kutu ni kazi ya umeme. Sehemu ya nondo inayooza inazilinda sehemu za jirani, kwa kuwa yenyewe ndiyo inayotoa chuma. Ukiisafisha na kuizungushia zege jipya lisilo na chumvi, inaacha kutoa, na jirani aliyekuwa akilindwa ndani ya zege la zamani lenye chumvi anaanza kuoza badala yake. Matokeo yake ni kiraka kizima kabisa, kilichozungukwa na nyufa mpya ndani ya miaka michache. Mwenye jengo humlaumu fundi kwamba saruji ilikuwa mbovu, kumbe saruji haikuwa na kosa. Dawa yake ni kufuata nondo hadi ipatikane safi, kupita hapo kama milimita 50, na kwenye zege lenye chumvi nyingi kufunga vipande vya zinki kwenye nondo pembezoni mwa shimo ili zinki iliwe badala ya chuma. Mkandarasi anayelitaja jambo hili bila kuulizwa, mpe muda wako.

Kuhusu mchanganyiko, wengi huamini kwamba saruji zaidi ni nguvu zaidi. Kiraka chenye saruji nyingi mno hunywea kinapokauka, hujivuta kutoka kingoni, na hapo maji yamepata mlango. Mji Mkongwe wa Unguja umetufundisha jambo hili kwa gharama kubwa. Kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa, zilizopigwa lipu ya saruji ngumu, hufungiwa unyevu ndani na kuanza kumong'onyoka nyuma ya lipu inayoonekana imara. Kiraka kinapaswa kuendana na kinachokizunguka. Kwa zege linalobeba mzigo, tafuta mchanganyiko wa kiwandani usionywea sana. Kiwango cha Ulaya cha EN 1504 kinauita R4 ule wenye nguvu ya angalau megapaskali 45, na R3 ule wa 25. Kwa majengo ya zamani yenye zege dhaifu mara nyingi R3 inafaa zaidi, ingawa muuzaji atakusukumia R4. Mshiko unapimwa kwa kugundisha kisahani cha chuma cha milimita 50 juu ya kiraka, kukata kukizunguka na kukivuta hadi king'oke. Usitazame namba peke yake. Tazama kilipovunjika: kikiondoka na zege la zamani, kiraka kimeshika kuliko jengo lenyewe; kikibanduka safi kwenye maungio, maandalizi hayakufanyika.

Maji nayaonja. Tone moja ulimini linatosha kukuambia kama pipa limejazwa kutoka kisima cha chumvi, na visima vya pwani vyenye chumvi ni vingi. Maji hayo yakitumika kukorogea au kumwagilia, kazi yote ya kuosha nondo imekwenda bure. Kabla ya kujaza, zege la zamani linyweshwe hadi lishibe, kisha uso uachwe ukauke kidogo: ukiweka kiganja kiwe na ubaridi bila kulowa. Uso mkavu hufyonza maji ya kiraka, na dimbwi hukilainisha. Baada ya kujaza kuna magunia mabichi au nailoni kwa siku saba. Kurusha ndoo asubuhi na jioni wakati kusi linavuma ni kulowesha na kukausha, na huko kunapasua badala ya kukomaza.

Wanaopenda nyuso zilizolingana hukasirishwa na kiraka kilichotokeza. Mimi kinanifurahisha. Pwani nondo inahitaji kufunikwa na milimita 40 hadi 50 za zege, na majengo mengi ya zamani yana 15 au chini. Fundi aliyeongeza unene mpaka kiraka kikavimba kidogo amechagua uhai wa nondo mbele ya sura. Tofauti ya rangi nayo haina ubaya wowote.

Sakafu za maghala zina habari fupi: zinavunjika kwenye maungio, magurudumu ya forklifti yanapopita. Kingo zikatwe wima, zijazwe kwa epoksi inayostahimili kugongwa, na ungio lenyewe libaki ungio. Anayeliziba kabisa ili sakafu iwe moja atarudi kuziba ufa wa pembeni yake.

Viraka vibovu vinaweza kukaa ndani ya jengo vikiwa vimeandikwa kabisa kwenye ripoti. Mwaka 2018 mhandisi aliyekagua Champlain Towers South, jengo la makazi lililokuwa kando ya bahari mjini Surfside, Florida, aliandika kwamba matengenezo ya awali ya zege kwenye maegesho ya chini yalikuwa yanashindwa, nyufa na mbanduko vikiendelea. Tarehe 24 Juni 2021 sehemu ya jengo hilo iliporomoka na watu 98 wakafa. Sisemi viraka ndivyo vilivyoliangusha. Nasema kiraka kinachorudia kuharibika mahali palepale kisomwe kama ujumbe kuhusu jengo zima, na asipewe fundi mwingine akifunike upya.

Kabla ya rangi, tafuta maji yanatoka wapi. Kwenye majengo ya biashara mara nyingi ni bomba la kiyoyozi linalodondosha juu ya kanopi mchana kutwa, au matundu ya boliti za bango la mpangaji aliyehama. Rangi ya kawaida ya maji haizuii hewa ya ukaa. Ipo ya kuizuia, na inastahili bei yake, ila ikipakwa juu ya chanzo cha maji kisichozibwa itavimba.

Mkataba usiwe wa bei moja ya jumla. Eneo bovu huongezeka shimo likifunguliwa, na aliyekubali bei moja analipwa kwa kutolifungua. Kubalianeni bei kwa mita ya mraba na kwa kina, mpime pamoja, na kila shimo lipigwe picha likiwa wazi, namba yake na rula vikionekana. Kipindi cha uangalizi cha miezi sita ni kifupi mno kwa kazi ya pwani. Pigania miaka miwili, ukizuia sehemu ya malipo. Kisha rudi asubuhi baada ya mvua ya masika kukatika. Ukuta unapokauka, nyufa nyembamba hubaki nyeusi kwa muda baada ya sehemu nyingine kukauka, na mduara wa kiraka kilichoachia hujichora wenyewe. Chukua nyundo na zile picha. Usianzie katikati ya kiraka. Anza nje ya ukingo wake, kwenye zege la zamani, uingie ndani taratibu.