Siku za Dereva wa Minjila

Mvua inayofunga barabara ya Lamu hunyesha mbali na Lamu. Hunyesha Mlima Kenya na safu za Nyandarua, ikajaza vijito, vijito vikaujaza Mto Tana, nao Tana ukateremka mwendo wa kilomita zipatazo 1,000 hadi baharini karibu na Kipini. Minjila iko karibu na mwisho wa safari hiyo. Hapo ndipo barabara itokayo Malindi inapogawanyika: mkono mmoja unakwenda Garsen, Hola na Garissa, mwingine unavuka mto kwenye daraja la Idsowe na kushika njia ya Gamba, Witu na Lamu. Dereva anaweza kusimama kwenye njia panda hiyo jua likiwaka na vumbi likitimka, ilhali maji yatakayomzuia yako njiani, siku kadhaa nyuma yake. Ndiyo maana wazoefu wa njia hii hawaanzi kwa kutazama mawingu. Huanza kwa kupiga simu.

Humpigia mtu wa Garissa, kisha mtu wa Hola. Mto umepanda tangu jana? Mashamba ya ukingoni yameingiwa? Wenye mitumbwi wameihamisha? Baada ya hapo husikiliza habari za mabwawa. Juu huko mto umekatwa na mabwawa matano ya umeme, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ndilo la juu kabisa na ndilo ghala la maji ya yale mengine. Likifikia mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari limejaa, na kila kinachoingia baada ya hapo hupita juu na kufuata mkondo. Kampuni ya umeme ya KenGen inapotangaza kwamba Masinga limefurika, tangazo hilo huonekana kama habari ya watu wa bara. Kwa mtu aliyepakia unga Minjila, hilo ni tangazo la barabara: maji yameondoka juu, na siku zilizobaki kabla hayajafika zinahesabika. Kuzihesabu siku hizo vizuri ndio moyo wa ufundi wake.

Nao ni ufundi kamili, ingawa hauna chuo wala cheti. Mtu huusoma kwa kukaa kiti cha utingo miaka na miaka, akimtazama dereva anaponunua vitu, anapokataa mzigo, anapoamua kulala. Husifiwa mara chache kwa sababu matunda yake hayaonekani. Lori lililokwama huwa na watazamaji mia. Lililofika Mpeketoni, kaunti ya Lamu, jana yake, kwa kuwa mwenyewe alisoma mto mapema, hushusha mzigo wake na hakuna anayeuliza lilifikaje.

Waliokuwa hapa kabla ya magari walikwisha kuishi kwa hesabu hii. Wapokomo wa Ngao, Wema na vijiji vya ukingoni hupanda mpunga kwa kufuata kupanda na kushuka kwa mto. Waorma hutoa ng'ombe wao deltani mvua zinapokaribia, wakawapeleka nyika za juu, na kiangazi kikikaza huwarudisha mtoni kwa kupitia malka, zile njia za mifugo kufikia maji. Anayeona mifugo ikihama mapema kuliko kawaida amepata taarifa ambayo hakuna redio iliyomletea. Na kabla ya daraja, gari la Lamu lilingoja pantoni Garsen, likavuka pale mto uliporuhusu. Kungoja kulikuwa sehemu ya nauli.

Halafu kuna mlango wa pili, ambao haufungwi na maji. Baada ya mashambulizi ya watu wenye silaha huko Mpeketoni Juni 2014, na ya Hindi na Gamba mwezi uliofuata, safari za usiku kwenda Lamu zilipigwa marufuku, na kwa miaka mingi mabasi yalikwenda kwa msafara wenye ulinzi wa polisi. Dereva alilazimika kubeba kalenda mbili kichwani, ya mto na ya msafara. Aliyechelewa kidogo kwenye kizuizi cha polisi alikuwa amepoteza siku nzima, na kama ni Novemba, siku hiyo moja ingeweza kuwa ya mwisho kabla barabara haijazama.

Wengi waliamini lami ingemaliza haya yote. Barabara ya Garsen, Witu hadi Lamu, kilomita zipatazo 135, ilipowekwa lami, safari iliyokuwa ya kutwa nzima ikawa ya saa chache. Lakini lami huongeza kasi, haiinui nchi. Katika mvua za El Niño za Novemba 2023 Tana ulivunja kingo zake, ukaifunika barabara hiyo mpya kati ya Gamba na mahali paitwapo Lango la Simba. Mei 2024 ukairudia palepale. Magari yalipanga foleni pande zote mbili, abiria wakavushwa kwa maboti, na bidhaa zikapungua madukani Lamu. Waliokuwa wamejiandaa walikuwa wale wasiosahau kwamba eneo hilo ni bonde la mafuriko, na bonde la mafuriko lina haki yake mara mbili kwa mwaka, masika na vuli.

Maandalizi yenyewe huanza na gari kusimama. Utingo huingia chini na tochi. Anachotafuta ni vile vijibomba vidogo vya kupumulia juu ya difu na giaboksi, ambavyo wengi hawajui kama vipo. Difu hupata moto safarini. Ikizamishwa ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani husinyaa na kuvuta, na kama kijibomba kimezibwa na tope, itavuta maji kupitia kwenye sili. Kwa hiyo fundi mwangalifu huvisafisha, tena wengine huviunganishia mpira mwembamba na kuupandisha juu hadi karibu na injini. Dereva naye, akifika ukingoni mwa maji, hungoja. Wasiojua hudhani anaogopa, kumbe anapoza vyuma. Na baada ya kuvuka hufungua nati ya difu aone: mafuta yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hakuna safari tena mpaka yamwagwe.

Hatari kubwa zaidi ni kinywa cha hewa cha injini. Hewa hukandamizika, maji hayakandamiziki. Injini ikinywa maji ikiwa inazunguka, pistoni hupanda ikakuta kitu kisichokubali, na fimbo ya pistoni hupinda papo hapo. Dereva anayezimikiwa na gari katikati ya maji na akajaribu kuliwasha tena kwa pupa ndiye anayeiua injini kwa mkono wake. Mzoefu huliacha lilivyo, likavutwa. Ndiyo sababu kamba nene ya kuvutia hukaa juu ya mzigo na si chini yake, pamoja na sepetu na vipande vya mbao. Udongo mweusi wa delta ukilowa hauna msingi. Jeki isiyo na ubao chini yake huzama yenyewe huku gari likibaki pale pale.

Kuna pia hesabu ya mzigo. Vuli huja na msimu wa maembe, na maembe hayangoji mto upungue. Unga na sukari vya kwenda vinaweza kukaa siku tatu chini ya turubai. Maembe ya kurudi hayawezi. Mwenye lori mwerevu hujiuliza kuhusu kurudi kabla hajakubali kwenda. Kama hesabu ya Masinga inasema barabara itafungwa siku ya nne, na shamba linahitaji siku mbili za kuchuma, basi safari hiyo haipo, hata mteja apandishe bei. Kukataa mzigo wenye faida kwa sababu ya maji ambayo bado yako Garissa ni sehemu ya ufundi iliyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayostahili sifa kubwa zaidi.

Kwa sababu nguvu ya maji haina mazoea na mtu. Idara ya hali ya hewa ya Marekani imekuwa ikiwaonya madereva wake kwamba maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 tu yanaweza kulichukua gari dogo, na sentimita 60 huchukua hata magari makubwa ya familia. Sentimita 60 hazifiki kiunoni mwa mtu mzima. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia Mto Enziu, karibu na Mwingi, likapinduka. Watu zaidi ya 30 walikufa, huku wengine wakitazama kutoka ukingoni. Aprili 2024, katika kaunti ya Tana River iliko Minjila, basi jingine lilikwama kwenye mafuriko eneo la Chamwana Muma, kwenye njia ya Garissa. Abiria 51 waliokolewa na Shirika la Msalaba Mwekundu. Mto Enziu watu waliujua, na barabara ya Garissa ni barabara kuu. Kilichokosekana kilikuwa mtu wa kusema hapana kabla tairi la mbele halijalowa.

Kwingine kazi hiyo hupewa geti. Kameruni na nchi jirani zenye barabara za udongo mwekundu zina vizuizi vya mvua: mvua ikinyesha boriti huteremshwa, malori yakangoja mpaka njia ikauke kiasi, na kila dereva anajua atangoja. Tanzania, kambi nyingi za lililokuwa pori la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, hufunga milango Aprili na Mei, kwani udongo wake mweusi haupitiki masika. Minjila ingefaa kupata utaratibu wa namna hiyo, wenye tarehe na vipimo vinavyojulikana, badala ya kufungwa ghafla wakati magari yamekwisha kuingia majini. Nguzo zilizopakwa alama za kina cha maji kati ya Gamba na Lango la Simba zingegharimu kidogo kuliko injini ya lori moja. Na tangazo la Masinga, likibandikwa kwenye kizuizi cha Minjila siku hiyo hiyo linapotolewa, pamoja na makadirio ya siku ya maji kufika Garsen, lingempa dereva mgeni kile ambacho mzoefu hukipata kwa simu zake mbili.