Kijiko Ukingoni mwa Kikombe

Mvua ikipiga mabati, kazi husimama. Sista anaiweka mashine pembeni, mama anamfunika mtoto kitenge, na sote tunasubiri. Hapa Bwera, wilayani Kasese, mvua ya Rwenzori huteremka bila taarifa, na malori yanayongoja kuvuka Mpondwe kwenda Kongo hayazimi injini kwa ajili ya mtoto wa wiki tatu. Anayepima masikio ya watoto hushinda akitafuta ukimya.

Mashine yenyewe hushikika kiganjani. Inategemea jambo alilolionyesha David Kemp mjini London mwaka 1978: sikio zima hupokea sauti na pia hujibu. Ukilipigia mlio mfupi, sikio la ndani hurudisha mwangwi hafifu mno, na maikrofoni ndogo huunasa. Lakini mwangwi huo hauji kwa mtoto anayelia. Kwa hiyo sista husema, "Mnyonyeshe kwanza, mama, hatuna haraka." Mtoto akisinzia, anachagua kizibo cha mpira kinachoenea, anavuta ndewe kidogo chini na nyuma, kisha anakizungusha kizibo taratibu mpaka kikae. Hakisukumi. Kikigusa ukuta wa tundu, sikio zima litaonekana bovu.

Napenda zaidi namna anavyotoa majibu. Maji ya uzazi yaliyobaki sikioni yanatosha kuzuia mwangwi, kwa hiyo neno "kiziwi" halimtoki siku ya kwanza. Anasema tu kwamba sikio la kulia halijajibu leo, na anataja siku ya kurudi. Na aliyefaulu hamwachi hivi hivi: kama alizaliwa na manjano kali, humtaka apimwe zaidi, maana sikio laweza kujibu ilhali mshipa wa fahamu haupeleki sauti kwenye ubongo.

Wengi huletwa wakubwa kidogo, tayari wanakaa wenyewe. Hapo mashine hupumzika, vinatoka kikombe na kijiko. Mtu mmoja anakaa mbele akimchezea mtoto kwa kitambaa, halafu anakificha. Sista yuko nyuma, upande, nje ya upeo wa macho. Hakigongi kikombe, anapitisha kijiko ukingoni, sauti nyembamba kama mdudu wa usiku. Mtoto anayesikia hugeuka. Ila asiyesikia naye hugeuka: kwa kivuli, kwa harufu ya sabuni, kwa upepo wa gauni, hata kwa macho ya mama yanayokimbilia kijiko. Watoto hawa ni mabingwa wa kutazama. Ndiyo maana sista husimama na dirisha mbele yake, akamwomba mama atazame chini, na mara nyingine akanyoosha mkono bila kutoa sauti yoyote. Mtoto akigeuka hapo, wanaanza upya. Nimemwona akianza upya mara nne, na mara ya nne alikuwa na utulivu uleule wa mara ya kwanza.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba takriban asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto ungeweza kuzuiwa. Homa ya uti wa mgongo na masikio yanayotoka usaha miezi mingi bila matibabu ni miongoni mwa visababishi. Mwongozo wa kimataifa unataka mtoto apimwe kabla ya mwezi mmoja, tatizo lithibitishwe kabla ya mitatu, asaidiwe kabla ya sita. Uganda bado haimpimi kila anayezaliwa, na hilo linaniuma, kwa sababu kazi ya kijiko nimeiona na najua inawezekana.

Sikio lisipojibu kabisa, kazi inahamia mikononi mwa wengine. Katiba ya Uganda ya 1995 inaitaka nchi iendeleze lugha ya alama kwa ajili ya viziwi, na lugha hiyo humfikia mtoto kupitia viziwi wenyewe, watu wazima wanaokaa naye mkekani. Mwalimu kiziwi hafundishi siku ya kwanza. Humtazama mtoto kwa muda mrefu, anavyocheka, anavyoshika vitu, kovu lake, kishimo cha shavuni, kisha humpa jina la alama. Halafu anawageukia wa nyumbani, mmoja mmoja, walirudie. Bibi, ambaye vidole vyake vimekakamaa kwa miaka ya jembe, anakosea, anashikwa mkono, anarekebishwa, anajaribu tena. Mtoto anautazama mkono wa bibi yake, na hageuzi macho.